Mbona Baiskeli Inakuumiza? Ufafanuzi kuhusu Kupimwa, Viti na "Baiskeli za Kike"

Mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali kuanzia tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, na ilikuwa mara ya kwanza kuletwa barani Afrika. Mbio za wanawake zilikuwa za kilomita 164.6, kupanda na kushuka vilima vya mji ule, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akaibuka mshindi. Wanawake wengi wa huku kwetu waliotazama walibaki na hamu ya kuendesha. Wapo ambao wameshanunua baiskeli, na maswali yao yanafanana: mbona nikienda kilomita kumi tu siwezi tena kukaa? Mbona vidole vinakufa ganzi? Baiskeli ya kike ni tofauti kweli, au ni rangi tu? Na hiki kinachoitwa kupimwa baiskeli ni cha wanamashindano peke yao?

Jibu wanalopewa wengi dukani ni moja: "Dada, utazoea." Mara nyingi linatolewa kwa nia njema, lakini si kweli. Uchovu wa miguu utauzoea, jua utalizoea, hata kelele za daladala nyuma yako utazizoea. Ganzi kwenye kinena, kidonda kisichopona mahali pa kukalia, goti linalouma kila ukikanyaga pedeli, hivyo havizoeleki wala havipaswi kuzoewa. Ni dalili kwamba kuna kipimo kimekosewa, na mara nyingi kinarekebishika kwa spana ndani ya nusu saa.

Kupimwa ni nini hasa

Baiskeli inakugusa mahali patatu: makalio kwenye kiti, mikono kwenye usukani, miguu kwenye pedeli. Kupimwa ni kuzipanga sehemu hizo tatu zilingane na mwili wako wewe, si wa kaka yako wala wa muuzaji. Kuuziwa baiskeli bila kupimwa ni sawa na kumpelekea fundi cherehani kitenge, naye akakutazama tu toka mlangoni akaanza kukata.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane kuhusu majina. Kiti kina mambo matatu ya kupanga: urefu wake kutoka kwenye pedeli, kimesogezwa mbele au nyuma kiasi gani, na pua yake inaelekea juu au chini. Usukani una kimo chake, umbali wake kutoka kitini, na upana. Chuma kinachoubeba usukani na kuuunganisha na fremu nitakiita shingo. Mkono wa chuma unaoshika pedeli ni kranki, nao una urefu wake. Fremu ndiyo mwili wenyewe wa baiskeli, na ndiyo inayoweka mipaka ya yote hayo. Fremu ikiwa kubwa kupita kiasi, hakuna spana itakayoiokoa.

Kwa hiyo tuanze na fremu.

"Baiskeli ya kike" inamaanisha nini

Huku kwetu ukisema baiskeli ya kike, kila mtu anaelewa ile ambayo bomba lake la juu limeinama, ili mtu mwenye sketi au dera apitishe mguu bila kuurusha juu. Umbo hilo ni la manufaa makubwa na halina ubaya wowote. Lakini linakueleza jambo moja tu: jinsi ya kupanda na kushuka. Halikuelezi kama usukani utakuwa mbali au karibu, wala kama kiti kitafika kimo chako. Unaweza kuuziwa baiskeli ya kike ambayo ni kubwa kwako vilevile.

Chukua mwanamke mwenye urefu wa sentimita 156. Mguu wake wa ndani, yaani kutoka kinena hadi sakafuni, unaweza kuwa kama sentimita 72. Sasa mweke kwenye ile baiskeli ya kiume ya ringi 28 tuliyokulia nayo, ziwe Phoenix au Hero au Avon. Bomba la juu hufikia sentimita 80 au zaidi kutoka chini. Akishuka ghafla mbele ya kiti, bomba linakutana na mwili wake kabla miguu haijagusa ardhi. Ndiyo maana watoto wengi wa vijijini, wa kike na wa kiume, walijifunza kwa kupenyeza mguu chini ya bomba. Fremu ile ilikadiriwa kwa mtu mzima mrefu wa kiume, na sisi wengine tukajikunja ndani yake. Kanuni ni rahisi: ukisimama na baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote chini, kuwe na nafasi ya vidole viwili au zaidi kati yako na bomba. Kwa baiskeli yenye bomba lililoinama kipimo hiki hakikusaidii, na hapo ndipo umbali wa usukani unapokuwa kigezo kikuu.

Ulaya na Marekani nako kuna mkanganyiko wake, na umetufikia kupitia baiskeli za mtumba na matangazo ya mtandaoni. Mwaka 1985 mhandisi Mmarekani Georgena Terry alianzisha kampuni ya kutengeneza baiskeli za wanawake, kwa sababu aliona wanawake wafupi hawapati fremu inayowafaa. Suluhisho lake lilikuwa la kihandisi kweli: fremu fupi, na kwenye saizi ndogo gurudumu la mbele likiwa dogo kuliko la nyuma ili usukani usogee karibu. Kampuni kubwa zilipofuata, ikaenea kauli kwamba wanawake wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi kuliko wanaume, na rafu za maduka zikajaa fremu "za kike", nyingi zikitofautiana na za kiume kwa rangi kuliko kwa vipimo. Mwaka 2019 kampuni ya Specialized, baada ya kupitia vipimo vya miili vya waendeshaji wengi sana wa jinsia zote, ilitangaza kuachana na mgawanyo huo wa fremu. Kilichoonekana ni kwamba tofauti kati ya mwanamke mmoja na mwingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya wanawake kama kundi na wanaume kama kundi. Kampuni nyingine, kama Liv iliyo chini ya Giant ya Taiwan, bado inatengeneza baiskeli za wanawake peke yao.

Mimi naona hivi: saizi ndogo zilizotengenezwa vizuri ni haki ya kila mtu mfupi, na kwa kuwa wanawake wengi ni wafupi kuliko wanaume, wao ndio wanaoumia zaidi zikikosekana. Ila jina lililobandikwa kwenye fremu halipimi mwili wako. Ukikuta ya "kiume" inayokutosha, ni yako.

Lazima miguu ifike chini?

Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mwanamke akinunua baiskeli, fundi anashusha kiti mpaka akikaa nyayo zote mbili zitulie ardhini. Anaambiwa ni kwa usalama wake. Kwa anayejifunza, wiki za kwanza, ni sawa kabisa. Lakini kiti kikibaki hapo, goti linakunjika mno kila mzunguko, na uzito wote wa kukanyaga unaishia mbele ya goti. Baada ya miezi michache dada huyu anasema baiskeli imemharibu magoti, kumbe ni kiti.

Ukweli ni kwamba ukiwa umekaa kwenye kiti chenye urefu sahihi, chini utafikisha ncha za vidole tu, pengine hata hizo zisifike. Kusimama kunafanywa kwa namna nyingine: unapunguza mwendo, unateleza kutoka kwenye kiti kuja mbele, mguu mmoja ubaki kwenye pedeli na mwingine ukanyage chini. Ni ujuzi wa kufundishwa, na unachukua jioni moja au mbili uwanjani.

Urefu wenyewe unapatikana hivi. Egemeza baiskeli ukutani, kaa, weka kisigino juu ya pedeli, zungusha hadi pedeli iwe chini kabisa. Mguu unyooke kabisa bila nyonga kuinamia upande. Kisha ukiendesha kwa kukanyaga na sehemu pana ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo. Wataalamu hutafuta mkunjo wa nyuzi 25 hadi 35. Anayependa hesabu atumie ile iliyosambazwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara tatu: mguu wa ndani zidisha kwa 0.883, upate umbali kutoka katikati ya mhimili wa kranki hadi juu ya kiti. Kwa mguu wa sentimita 72 ni kama sentimita 63.6. Ichukulie kama mahali pa kuanzia, si sheria. Viatu vyako, urefu wa kranki na unyumbufu wa misuli vinaweza kuisogeza juu au chini.

Kiti kikizidi urefu, nacho kina dalili zake. Mtu akikuangalia kwa nyuma ataona nyonga zinayumba kushoto na kulia kama unaifuata pedeli. Maumivu huja nyuma ya goti. Na kwa mwanamke kuna la zaidi: kila kuyumba ni msuguano wa nyama laini dhidi ya pua ya kiti, maelfu ya mara kwa safari moja. Vidonda vingi vinaanzia hapo.

Kwenye bomba la kiti kuna alama iliyochongwa ya mwisho wa kuvuta. Usiivuke hata kidogo. Alama hiyo ikitokeza nje, bomba linaweza kukatika ukiwa barabarani. Kama bado unahitaji urefu, nunua bomba refu zaidi.

Kiti kipana na laini si lazima kiwe cha mwanamke

Mwili haukusudiwi kukaa kwa nyama laini. Umekusudiwa kukaa kwa mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la mbao kwa muda mrefu. Kwa wastani kwa wanawake mifupa hii imeachana kidogo zaidi kuliko kwa wanaume, lakini wapo wanawake wengi wenye nyonga nyembamba na wanaume wenye pana. Ukubwa wa makalio kwa nje hausemi lolote kuhusu mifupa hiyo. Muuzaji anayekutazama na kukuchagulia kiti "kikubwa maana dada umejaliwa" anabahatisha, tena anakuvunjia heshima.

Kuipima unahitaji kipande cha boksi, lile lenye mawimbi ndani. Kiweke juu ya ngazi ya saruji au kigoda kigumu. Kaa juu yake ukiwa na nguo nyepesi, inua visigino magoti yapande kidogo, inama mbele kana kwamba umeshika usukani, tulia dakika moja. Ukiinuka utaona mabonde mawili madogo. Yasipoonekana vizuri, pitisha chaki kwa ubapa juu ya boksi na mabonde yatabaki bila rangi. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya jingine. Ukipata tuseme sentimita 12, na unaendesha ukiwa umeinama kiasi, tafuta kiti cha upana wa kama sentimita 14. Ukikaa wima kama kwenye baiskeli ya kikapu, ongeza hadi kama sentimita 16, maana ukikaa wima uzito unarudi nyuma, kiti kinapokuwa kipana.

Sasa ulaini. Kiti chenye sponji nene kinapendeza ukikibonyeza kwa kidole dukani. Lakini mifupa ikizama ndani ya sponji, sponji ya katikati inapanda juu na kubana pale pale ambapo hupaswi kubanwa. Kwa safari ya sokoni ya dakika kumi huenda usione tofauti. Kwa saa moja utaiona. Kiti kigumu kiasi chenye upana sahihi humfaa mtu zaidi kuliko godoro dogo lisilo na kipimo. Viti vyenye tundu katikati huwasaidia wengi, na wengine kingo za tundu huwaumiza, kwa hiyo ni cha kujaribu kabla ya kulipia.

Pua ya kiti iwe sambamba na ardhi au iiname kidogo sana mbele. Simu nyingi zina programu ya kupimia usawa. Ilaze juu ya kiti uone. Jambo hili lilifika hadi kwenye kanuni za kimataifa. Kabla ya Olimpiki za Rio za 2016, wataalamu wa timu ya Uingereza walionyesha shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, kwamba sheria ya kutaka kiti kikae karibu sawa kabisa ilikuwa inawaumiza wanawake. Kanuni ikabadilishwa na kiti kikaruhusiwa kuinama hadi nyuzi 9. Mwaka 2019 Hannah Dines, mwendesha baiskeli wa Uingereza aliyeshiriki Paralimpiki za Rio, alieleza hadharani jinsi miaka ya kubanwa na kiti ilivyomletea uvimbe sehemu za siri hadi akafanyiwa upasuaji. Kama wanamichezo wa kiwango hicho, wenye madaktari na mafundi wao, waliumia kimyakimya, basi mama anayeendesha kwenda shambani asione haya kusema.

Tatizo la kiti ambalo si la kiti

Hili ndilo ninalotamani kila fundi alijue. Mwanamke analalamika kiti kinauma. Anabadilishiwa kiti. Bado kinauma. Anabadilishiwa tena. Kumbe usukani uko mbali.

Usukani ukiwa mbali, mwili unaufuata. Anayeendesha anateleza mbele bila kujijua, anatoka sehemu pana ya kiti iliyotengenezwa kubeba mifupa, anakalia pua. Nyonga inainamia mbele na uzito unahamia kwenye kinena. Wakati huohuo mikono imenyooka kama fito, mabega yamepanda masikioni, viganja vinakufa ganzi. Hapo unaweza kununua kiti cha bei yoyote na hakitakusaidia, kwa sababu hukikalii.

Jipime hivi: endesha dakika tano mahali tambarare, kisha bila kujirekebisha angalia umekaa wapi. Kama uko kwenye pua, au unajisukuma kurudi nyuma kila dakika, tatizo ni umbali. Viwiko vinapaswa kuwa na mkunjo, na uweze kuinua mikono yote kidogo juu ya usukani kwa sekunde chache bila kuangukia mbele.

Dawa yake ni shingo fupi. Baiskeli nyingi za barabarani, na zile za milimani za zamani, huja na shingo ya milimita 90 au 100. Ya 70 au 60 huleta usukani karibu na inapatikana kwa mafundi wanaouza vipuri vya mtumba. Kwenye baiskeli za zamani na zile za kikapu za kutoka Japani, shingo huvutwa juu kama bomba la kiti, nayo ina alama ya mwisho isiyovukwa. Usukani uliopinda unaweza pia kuzungushwa uje upande wako. Wengi hukimbilia kusogeza kiti mbele, kwa kuwa ni bure na ni haraka. Unaweza kusogeza kidogo, lakini kiti kinapangwa kufuata miguu. Ukikitumia kuufuata usukani unaponya mikono na kuyapa magoti mzigo.

Breki nazo. Mwenye viganja vidogo akilazimika kuachia usukani ili vidole vifike kwenye breki, hiyo ni hatari ya wazi mteremkoni. Breki nyingi za waya zina skrubu ndogo pale mkono wa breki unapoanzia; ukiizungusha kuingia ndani, mkono wa breki unasogea karibu na usukani. Ni kazi ya dakika mbili. Nimekutana na wanawake walioendesha miaka kadhaa bila mtu yeyote kuwaambia kwamba skrubu hiyo ipo.

Kuhusu kranki nitasema machache. Baiskeli nyingi za watu wazima huja na kranki ya milimita 170, mtu awe na sentimita 150 au 190. Kwa miguu mifupi hiyo ni ndefu, na goti linapandishwa juu mno kila mzunguko. Bingwa wa mbio za baiskeli Tadej Pogačar, mwenye urefu wa kama sentimita 176, amehamia kranki ya milimita 165. Dada wa sentimita 155 akiomba ya 165 au 160 haombi anasa. Ukifupisha kranki, pandisha kiti kwa kiasi hichohicho.

Dukani

Vipimo vyote hivi havina faida kama mtu hasikilizwi. Katika duka moja jijini Dar es Salaam nilimwona mwanamke aliyekuja na mumewe, yeye ndiye mnunuzi, fedha ziko kwenye pochi yake. Muuzaji alimgeukia mume: "Shemeji anataka yenye kikapu?" Mume akasema muulize mwenyewe. Swali lililofuata likaelekezwa kwa mume tena. Baiskeli ikalipiwa, kiti kikashushwa hadi chini, na mwenye baiskeli hakupandishwa juu yake hata mara moja.

Wanawake wengi wana kisa chao cha namna hii. Anaulizwa kama ni ya mtoto. Anaonyeshwa za waridi. Akisema fremu ni kubwa anaambiwa atakua nayo, mtu wa miaka 40. Matokeo yake wengi huacha kurudi kwa fundi, wanavumilia maumivu, kisha baiskeli inaegeshwa ukumbini na kugeuka mahali pa kutundikia nguo.

Kuna pia suala la kuguswa, ambalo halisemwi. Kupima mguu wa ndani kwa mkono wa mtu mwingine ni jambo zito kwetu, na mwanamke ana haki ya kulikataa bila kukosa huduma. Jipime nyumbani. Simama umegusa ukuta kwa mgongo, bila viatu, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu, ukipandishe hadi kikubane kama kiti kingekubana, dada au rafiki apige alama ya penseli ukutani. Toka alama hadi sakafuni ndiyo namba yako. Mpe fundi namba hiyo kwenye karatasi pamoja na kipimo cha boksi. Mengine yote anaweza kuyaona kwa macho akiwa amesimama pembeni na nyuma yako huku baiskeli imeegemezwa. Na kama lazima ashike goti au bega, mwambie mapema: "Fundi, niambie kwanza kabla hujanigusa." Fundi mwenye adabu hatachukia.

Fundi wa aina hiyo utamjua mapema. Anauliza unakwenda wapi na baiskeli, umbali gani, unabeba nini, unavaa nini, wapi panauma, kabla hajashika spana. Anakutaka upande. Anabadilisha kitu kimoja, anakuomba uzunguke mtaa urudi. Hahitaji mashine za bei mbaya wala cheti ukutani. Nimewaona chini ya mwembe, na benchi lao ni kreti la soda.

Bikira, uzazi na mavazi

Uvumi mkubwa kuliko wote ni kwamba baiskeli humwondolea msichana bikira. Wazazi wamewanyima mabinti baiskeli za kwenda shule kwa sababu hii, wakawaacha watembee kilomita nyingi alfajiri. Utando unaozungumziwa hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa, wengine huwa nao kidogo sana, na hakuna daktari anayeweza kuuangalia akasema kama mtu amewahi kukutana na mwanamume. Mnamo Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa lilitaka vipimo vya bikira vikomeshwe, likieleza kuwa havina msingi wa kitabibu. Hali kadhalika, kuendesha baiskeli hakumfanyi mwanamke kuwa tasa. Mjamzito azungumze na mkunga au daktari wake. Akiruhusiwa, usukani upandishwe kadiri tumbo linavyokua. Baada ya kujifungua nyonga na misuli hubadilika, hivyo vipimo vya zamani vikaguliwe upya.

Mavazi yasikuzuie. Anayevaa dera, baibui au vitenge aweke kifuniko kamili cha cheni na wavu wa kuziba spoku za nyuma, kwa sababu nguo ikinaswa inakuangusha. Kaptura ya baiskeli yenye sponji inavaliwa ndani ya sketi bila mtu kujua, na huvaliwa bila chupi, maana mishono ya chupi ndiyo inayochubua. Anayenyoa nywele za kinena, kwa mila au kwa imani, aache siku moja au mbili zipite kabla ya safari ndefu, ngozi ipone.

Ukitoka kwa fundi, zungushia plasta au utepe wa rangi kwenye bomba la kiti mahali lilipoishia, ili kiti kikishuka au kaka akikiazima ukione. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, milimita 5 tu, kisha endesha siku kadhaa kabla ya kugusa lingine. Uchovu wa mifupa ya kukalia kwa wiki ya kwanza au ya pili ni wa kawaida na hupungua wenyewe. Ganzi isiyoisha ndani ya dakika chache baada ya kushuka, uvimbe, kidonda kinachotoa usaha au maumivu wakati wa kukojoa ni vya kupeleka hospitali, na baiskeli ikae pembeni mpaka vipone, kisha irudishwe kwa fundi pamoja na ile karatasi yako ya vipimo.